Mapezi ya Kizimkazi: shajara ya mradi wa kuwatambua pomboo kwa kompyuta

Januari, kaskazi

Kazi imeanza katika bahari ya Kizimkazi, kusini mwa Unguja, ndani ya Hifadhi ya Ghuba ya Menai iliyotangazwa mwaka 1997. Tunachokusudia ni kuandaa programu itakayopokea picha ya pezi la mgongoni la pomboo, ilipitishe pezi hilo katika orodha ya picha tulizonazo, kisha ituoneshe wanyama wachache wanaolingana nalo zaidi, ili sisi tuamue kama ni mmoja wao au ni mgeni. Tukilifanya hilo kwa uangalifu msimu baada ya msimu, tutaweza kujua nani bado yupo, nani ana mtoto, nani hajaonekana muda mrefu, na kwa jumla wapo wangapi.

Hatuanzi patupu. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo ipo Zanzibar tangu mwaka 1978, pamoja na watafiti kutoka Sweden, walikwishawatambua pomboo wa Kizimkazi kwa picha na kwa macho yao wenyewe, na makadirio yao ya kati ya mwaka 1999 na 2002 yalionesha kuwa eneo hili dogo lilikuwa na pomboo wa kawaida wa pwani kati ya 136 na 179, na wale wa nundu kati ya 58 na 65. Mbinu yenyewe ni ya zamani zaidi: Bernd na Melany Würsig waliichapisha mwaka 1977 baada ya kuwafuatilia pomboo wa pwani ya Argentina. Kilichobadilika ni wingi wa picha. Kamera ya leo hujaza kadi ya kumbukumbu kabla ya adhuhuri, na hakuna mtu anayeweza kulinganisha maelfu ya mapezi, moja baada ya jingine, bila macho kuchoka na maamuzi kulegea.

Tunashughulika na aina mbili. Ya kwanza, wale pomboo wa kawaida wa pwani, kwa sayansi huitwa Tursiops aduncus, na ndiyo wageni wengi huja kuitazama. Ya pili, Sousa plumbea, ina nundu mgongoni na pezi dogo limekaa juu ya nundu hiyo. Ni haba zaidi na imo katika kundi la walio hatarini kutoweka kwenye orodha nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile. Mara nyingine huogelea pamoja, kwa hiyo hatua ya kwanza ya programu ni kutenganisha aina, na hilo kwa kuwa nundu haijifichi, halikutusumbua.

Februari

Picha nzuri ya pezi ni kazi ya baharia kabla haijawa kazi ya mpigapicha. Nahodha wetu hawakati pomboo njia wala hawaendei kwa nyuma. Huisogeza boti ubavuni mwao, sambamba na wanakoelekea, akipunguza mashine kidogo kidogo mpaka mwendo wetu na wao unakuwa mmoja. Hapo ndipo pezi hutokeza, maji yakichuruzika kwenye ukingo wake wa nyuma, na mpigapicha ana sekunde moja au mbili tu kabla halijazama. Tunatumia lenzi ya milimita 100 hadi 400 na shata yenye kasi isiyopungua 1/1000 ya sekunde, na saa ya kamera inalinganishwa na ya GPS kila asubuhi kabla ya kung'oa nanga, kwa sababu picha isiyojulikana ilipigwa saa ngapi na wapi ni pambo tu.

Tunachokitafuta ni ukingo wa nyuma. Nyama ya pezi hapo ni nyembamba, na humeguka kwa meno ya pomboo wenzake, kwa kamba, kwa nyavu na mara chache kwa rafadha. Mapengo hayo hayazibiki, bali huongezeka. Michirizi ya meno juu ya ngozi ni kitu kingine: leo ni myeupe na inasomeka kutoka mbali, baada ya miezi kadhaa imefifia. Tumeamua kwamba michirizi itatusaidia kulinganisha picha za wiki moja na nyingine, lakini isiwe ushahidi wa kumthibitisha mnyama kutoka msimu mmoja hadi mwingine.

Kila picha hupewa daraja mbili, na tunasisitiza zisichanganywe. Daraja ya kwanza ni ya picha: ukali wake, mwanga, pembe, na kama pezi lote limetoka majini. Ya pili ni ya mnyama: ana alama nyingi, chache, au hana. Kishawishi kikubwa katika kazi hii ni kuisamehe picha mbovu kwa sababu mnyama aliyemo anajulikana kwa pengo lake kubwa. Ukiisamehe, unawaongeza maarufu katika hesabu na kuwapunguza wanyonge wasio na alama, na hesabu yote inapinda. Kwa hiyo anayetoa daraja ya picha haoneshwi jina la mnyama.

Machi

Kabla ya kufundisha modeli yoyote, yaani ile sehemu ya programu inayojifunza kutokana na picha, tumetumia muda mrefu kuligawa fungu la picha, na naamini huu ndio uamuzi mkubwa wa mradi kuliko uchaguzi wa programu.

Njia ya mkato ni kuchanganya picha zote, kuchukua sehemu kubwa ya kufundishia na kubakisha sehemu ndogo ya kupimia. Lakini pomboo mmoja akipita karibu na boti hupigwa picha kumi kwa mfululizo, zote zikiwa na jua lile lile, maji ya rangi ile ile na pembe ile ile. Saba zikienda kwenye mafunzo na tatu kwenye kipimo, modeli itazipatia zote tatu kwa kuikumbuka asubuhi ile, wala si kwa kulijua pezi. Wenzetu waliokusanya picha za kasa wa Ghuba ya Laganas, katika kisiwa cha Zakynthos nchini Ugiriki, wameliweka jambo hili wazi: seti yao ina picha 8,729 za kasa 438 zilizopigwa katika kipindi cha miaka 13, na walipopima kwa kugawa picha ovyo ovyo, modeli zilionekana hodari kuliko zinavyokuwa zikipimwa kwa kufuata tarehe.

Sisi tumegawa kwa tarehe. Picha za siku moja zinakaa upande mmoja, na kipimo kinachukua picha za baadaye tu, kwa kuwa ndivyo programu itakavyotumika: orodha ya jana ikiulizwa kuhusu pezi la leo. Pia tumewatenga wanyama kadhaa ambao hawamo kabisa katika mafunzo, ili tuone kama programu inaweza kusema kwamba huyu simjui. Alama za ufaulu wa modeli zilizotoka kwa mgawanyo huu haziwafurahishi wanaotupitia kututazama, nami sina haraka ya kuwafurahisha.

Masika

Mvua imeshika na boti imepandishwa pwani. Kazi ni ya ndani.

Ukiacha kutenganisha aina, programu ina sehemu mbili. Ya kwanza hulitafuta pezi ndani ya picha na kulikata, kwa sababu picha nzima ina vitu vingi vya kuipoteza modeli: ufuo wa Dimbani kwa nyuma, boti nyingine, vichwa vya waogeleaji. Ya pili hulibadilisha pezi lililokatwa kuwa mfululizo wa namba 512, na hufundishwa mpaka namba za picha mbili za mnyama mmoja zikae karibu na za wanyama wawili zikae mbali. Njia hii ya kuongeza umbali kwa kipimo cha pembe inajulikana kwa jina la ArcFace. Ilibuniwa kwa nyuso za watu, na ilitumiwa sana katika shindano la kimataifa la mwaka 2022 lililohusu nyangumi na pomboo, ambalo lilikuwa na zaidi ya picha 51,000 za wanyama zaidi ya 15,000. Hatukuanza kufundisha kutoka sifuri, bali tulichukua modeli iliyokwisha kuona mapezi ya bahari nyingine tukaiendeleza kwa ya kwetu.

Faida ya namba juu ya majina ni kwamba mnyama mpya akiingia katika orodha hakuna haja ya kufundisha upya. Anawekwa namba zake, basi. Kwa mradi wenye kompyuta moja ya maana na umeme wa kukatika, hilo si jambo dogo.

Lipo jambo la pomboo ambalo ni zawadi kwetu. Chui na kasa wana mchoro wa kushoto na mchoro wa kulia usiofanana, hivyo mnyama mmoja huhitaji orodha mbili. Pengo la pezi hutoboa nyama yote, kwa hiyo huonekana pande zote mbili, na picha ya kulia ikigeuzwa kama katika kioo inaweza kulinganishwa na ya kushoto. Tunaigeuza kwa ajili ya umbo la ukingo pekee. Makovu ya ngozi ya upande mmoja hayapo upande wa pili, na modeli ikifunzwa kwamba yapo itakuwa imefunzwa uongo.

Tulipochora ramani ya joto kuonesha ni sehemu gani ya picha inayoishughulisha modeli, tuliona kwamba kwa wanyama kadhaa ilikuwa inautazama mstari wa maji kwenye shina la pezi. Mantiki yake inaeleweka, kwani mnyama aliyepigwa picha siku chache tu ana povu lake. Sasa tunalikata pezi kwa kufuata umbo lake, si kwa kisanduku, na maji yote yanafutwa kuwa meusi kabla modeli haijaona kitu.

Julai, kusi

Kusi imechafua bahari na picha zinazofaa ni chache. Nyangumi wa nundu wameanza kupita, na kila anayesikia kuhusu mradi anauliza kwa nini tusiwapige picha pia. Nyangumi hutambulika kwa upande wa chini wa mkia, na wapo wanaoifanya kazi hiyo vizuri duniani kote. Tunazihifadhi picha tunazozipata, lakini hatutapanua mradi.

Septemba

Bahari imetulia, na programu imetumika kwa mara ya kwanza palipo na watu wanaowajua wanyama hawa. Utaratibu ni kwamba programu haitoi jibu moja. Inatoa wanyama watano, wa karibu kwanza, na wathibitishaji wawili wanaamua kila mmoja peke yake. Wakitofautiana, picha inabaki bila jina.

Kesi ya KZ-017, mmoja wa pomboo waliomo katika orodha yetu, inastahili kuandikwa kwa kirefu. Programu ililipokea pezi la asubuhi ile na kumweka KZ-017 nafasi ya kwanza kwa umbali mdogo sana, na wathibitishaji wote wawili wakakubali: pengo kubwa lenye umbo la mwezi mwandamo karibu na ncha, na jingine dogo chini yake. Tuliporudi pwani, mmoja wetu alimwonesha nahodha picha hizo mbili kwenye kompyuta mpakato.

"Siye huyo, mwanangu," nahodha alisema. "Yule ana mtoto mdogo, hamwachi. Huyu alikuwa peke yake."

"Labda mtoto alikuwa upande wa pili wa boti, mzee."

"Basi mtazameni tena."

Kutokuwa na mtoto si ushahidi wa kutosha, kwa kuwa mtoto huenda amekufa, au alikuwa mbali kidogo. Hata hivyo tulizifungua picha za asili, zikiwa kubwa kama zilivyotoka kwenye kamera, na katika theluthi ya chini ya ukingo wa nyuma wa yule mpya palikuwa na pengo dogo sana, kama alama ya ukucha, ambalo KZ-017 hana katika picha yoyote iliyopigwa kabla wala baada ya siku ile. Wanyama wawili wamekatika karibu na ncha kwa namna moja. Sababu ya programu kutoliona pengo lile ni nyepesi: kila pezi lilikuwa linapunguzwa hadi pikseli 224 kwa 224 kabla ya kusomwa, na katika ukubwa huo pengo lile linakuwa pikseli moja ya kijivu. Tumepandisha hadi 512. Kompyuta inafanya kazi polepole zaidi, nasi tunasubiri. Pia tumeongeza kanuni kwamba wathibitishaji waamue kwa picha ya asili, si kwa kipande alichokiona mashine.

Nahodha mwenyewe amewahi kututajia mnyama kwa tabia yake ya kuisogelea boti, na pezi likakataa waziwazi. Ushahidi wake unaandikwa katika safu yake, kando ya umbali uliotolewa na programu, na hakuna unaoufuta mwingine.

Oktoba

Tumejadili kizingiti: umbali gani uhesabiwe kuwa ni mnyama yule yule, na umbali gani uhesabiwe kuwa ni mgeni. Kwa wasiohesabu jambo hili linaonekana la mafundi tu, lakini ndilo linaloamua kama tutawaambia wanakijiji ukweli au la.

Tuchukulie mfano wa kubuni. Msimu wa kwanza tumewatambua pomboo 60, msimu wa pili 50, na kati ya hao 50 wapo 20 ambao tulikwishawaona msimu wa kwanza. Hesabu ya kawaida ya kukamata na kukamata tena huzidisha 60 kwa 50 na kugawa kwa 20, na jibu ni 150. Sasa tuseme programu imeshindwa kuwatambua watano kati ya wale 20 na kuwaita wageni. Waliorudi wanakuwa 15, na jibu linapanda hadi 200. Pomboo 50 wamezaliwa ndani ya kompyuta, na anayesoma ripoti atasema hali ni njema, jarife, nyavu ambazo hunasa pomboo pia, ziendelee kutegwa usiku kama kawaida. Kosa la upande wa pili, la kuwaunganisha wanyama wawili kuwa mmoja, linapunguza hesabu na kututia hofu isiyo na msingi. Makosa yote mawili ni makosa, lakini katika uhifadhi hayana uzito sawa: linaloficha upungufu ni baya zaidi, kwa sababu kwa mnyama anayezaa mtoto mmoja tu kila baada ya miaka kadhaa, miaka ya kujiliwaza hairudishwi.

Kwa hiyo tumelegeza kizingiti cha mashine na kukaza cha binadamu. Programu inaruhusiwa kuleta wafananao wengi, hata wasiofaa, ili isimkose aliyerudi. Kukataa ni kazi ya wathibitishaji. Muda wa kazi umeongezeka. Mwenzetu mmoja angependa mashine iachiwe iamue yenyewe kwa mapezi yenye alama nyingi, na hoja yake ina nguvu, lakini KZ-017 alikuwa na alama nyingi.

Wapo pia wasiohesabika kwa njia hii. Watoto huzaliwa na pezi laini lisilo na pengo, na hata baadhi ya wakubwa hawana alama. Hao hawawekwi katika orodha. Badala yake tunapiga picha kila pezi katika kundi bila kuchagua, tunahesabu ni sehemu gani ya mapezi yenye picha nzuri ina alama, na kwa uwiano huo tunaikuza hesabu ya wenye alama. Ikiwa nane kati ya kumi wana alama, wale 150 wa mfano wetu wanakuwa karibu 188. Watoto tunawatambua kwa mama zao, mpaka waachane.

Novemba

Masuala mawili yamefikishwa kwenye kamati ya wavuvi na waendesha boti.

La kwanza ni ramani. Biashara ya kuwapeleka wageni kuwatazama pomboo ilianza hapa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ni moja ya sababu zilizofanya pomboo waonekane wana thamani wakiwa hai. Kabla yake waliwindwa, nyama yao ikiwa chambo cha papa. Lakini utafiti uliofanyika hapa hapa Kizimkazi umeonesha kwamba boti na waogeleaji wakizidi, pomboo hupunguza kupumzika na kutafuta chakula. Programu yetu inajua kila mnyama alionekana wapi na saa ngapi, na waendesha boti wawili wametuomba ramani hiyo kwa nia njema kabisa. Tumekataa. Mahali patatolewa baada ya msimu kwisha, na kwa maeneo mapana tu. Boti yetu nayo imejiwekea ukomo wa dakika 30 kwa kundi moja, hata kama picha hazijatosha.

La pili ni gumu zaidi. Pomboo hunaswa kwenye jarife na kufa kwa kukosa hewa, na mpaka sasa aliyekufa huhesabiwa kama idadi tu, bila kujulikana ni nani. Kama pezi lake lingepigwa picha dikoni, pale vyombo vya uvuvi vinapofikia pwani, tungeweza kumtafuta katika orodha na kujua kama aliyepotea ni mama mwenye mtoto, au ni mpita njia ambaye hajawahi kuonekana Menai. Hapo takwimu za nyavu na takwimu za orodha zingezungumza lugha moja. Wavuvi waliuliza, na ni haki yao, picha hiyo itamfikia nani.

Tumekubaliana hivi. Mvuvi anapiga picha kwa simu yake, pezi likiwa limesimamishwa, rula au shubiri ya mkono ikionekana kando, upande wa kushoto kisha wa kulia. Jina la chombo na la mvuvi haviandikwi popote, na picha inapokelewa na mtu waliyemchagua wao, ambaye hufuta taarifa za mahali kabla ya kutukabidhi. Programu tumeijaribu kwa picha chache za namna hiyo zilizokuwepo tangu zamani, na haifanyi vizuri: pezi la mnyama aliyekufa hulegea, hukauka na ncha hujikunja, nayo imefunzwa kwa mapezi yaliyo wima na yenye maji. Kwa sasa mapezi ya dikoni yatalinganishwa kwa macho, ukingo kwa ukingo, na programu itatumika kupunguza orodha tu. Fomu zimechapwa, na mpokeaji aliyechaguliwa na wavuvi anaanza kazi mwanzo wa kaskazi.